Marais Wawili wa Mwanjelwa na Kiti Kimoja cha Mninga

Jumatatu, 4 Februari 1957

Mimi ni Rais. Bushiri naye ni Rais. Kiti ni kimoja.

Niandike upesi, hasira ikiwa bado ya moto. Jana Chama cha Wageni wa Mwanjelwa kilichagua Rais mpya, maana mzee Asukile karudi kwao Tukuyu kulima kahawa na kugombana na majirani. Chama chetu ni cha kuzikana. Sisi wote hapa Mbeya ni wa kuja. Mimi Mngoni wa Songea. Bushiri fundi cherehani, baba yake wa Kilwa. Katibu wetu Isakwisa ni Mnyakyusa. Mgeni akifa, wageni wenzake wanamzika. Basi.

Uchaguzi wetu ni wa mistari. Anayemtaka Jailos asimame nyuma ya Jailos, anayemtaka Bushiri nyuma ya Bushiri. Mstari wangu ulikuwa mrefu, mtamu, unapinda kama nyoka aliyeshiba. Isakwisa kanyoosha kidole aanze kuhesabu. Mvua! Si mvua ile, ni ndoo. Watu mbio, wangu na wake, wakajibanza barazani kwa nani? Kwa Bushiri. Ndiye mwenye bati. Kumbe mwenzangu anahesabu vichwa! Akatangaza kwamba wote waliomo barazani mwake ni watu wake. Nikasema hao ni watu wa mvua. Tukabishana mpaka jua likatoka. Hakuna aliyerudi kwenye mstari. Walikuwa wameshapewa chai.

Sasa kiti kimefungiwa kwa Isakwisa. Kiti cha mninga, cha mikono, alikiacha Mzungu mmoja wa machimbo ya Lupa alipofilisika. Wasiojua wanasema nakitaka kwa ajili ya makalio. Uongo. Nakitaka kwa ajili ya sheria ya chama. Mwanachama wa kawaida akifa anapata sanduku na maharage, na wanakuja wenye nafasi. Rais akifa, soko linafungwa, tarumbeta zinapigwa, kila nyumba inatoa mtu wa kulia. Mimi nilifuata dhahabu Lupa, nikapata kikohozi na mke wangu Lusia. Binti yetu kaolewa Tabora, mbali huko. Nani atakuja? Nimehudhuria misiba ya maharage mingi. Watu wanalia kidogo, halafu wanajamba njia nzima kurudi makwao.

Sitaki.

Jumanne, 5 Februari

Mungu hamtupi mja wake, hata aliyefukuzwa darasa la tatu kwa kucheka wakati wa sala.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa Mhindi kununua chumvi. Redio yake ya betri ilikuwa inasema. Kuna nchi moja, jina halikukaa kichwani, ina marais wawili kama sisi. Kila mmoja anasema ndiye. Wananchi wao wamefanyaje? Hawakuulizwa! Mataifa makubwa ndiyo yameamua. Hili linamtambua huyu, lile linamtambua yule. Mwenye marafiki wakubwa ndiye Rais, mwingine ni mtu tu mwenye koti.

Nilisahau chumvi. Nilirudi mbio, kwa mbio zangu hizi za magoti.

Nikamwambia Lusia: tatizo langu si kura, tatizo langu sijatambuliwa. Akasema yeye ananitambua tangu Lupa, hata gizani, kwa kikohozi. Nikamweleza kwamba yeye si taifa kubwa. Akaniuliza chumvi iko wapi.

Ugali na mboga bila chumvi. Ndiyo gharama ya siasa.

Jumatano, 6 Februari

Nimetanguliwa! Bushiri naye anasikiliza redio.

Mchana lori limeingia kutoka Rujewa na magunia ya mchele. Chama cha Kuzikana cha Rujewa kimemtumia salamu “Rais Bushiri”. Rais! Wameitamka mbele ya watu. Bushiri ana undugu na nani huko, sijui, lakini mchele ule ni ule wa Usangu, mweupe kama meno ya mtoto. Mkewe Mwanakhamisi akapika pilau barazani, harufu ikafika mpaka kwa Wasafwa wa mlimani.

Nilikwenda kupeleleza. Upelelezi ulihitaji sahani mbili. Bushiri mwenyewe aliniongezea, akaniita “mheshimiwa mpinzani”, akauliza kama serikali yangu ina njaa. Nikamjibu kwamba serikali yangu inakula kwa adui ili kumpunguzia nguvu. Watu wakacheka. Mwanakhamisi akanifungia nyingine kwenye jani la mgomba, nimpelekee Lusia.

Hawa ndio watu ninaopambana nao. Hawana hata haya.

Alhamisi, 7 Februari

Nimezunguka mataifa.

Kwanza Boma. Karani akanisikiliza vizuri, akacheka vizuri, akaniambia serikali ya Malkia haina upande katika jambo hili. Inamtambua kila anayelipa kodi. Akauliza kama nimelipa. Nikakumbuka nina shughuli mahali.

Pili Misheni. Mchungaji kasema atatuombea wote wawili kwa Bwana. Nikamwomba aniombee mimi kwa sauti kubwa kidogo kuliko Bushiri, maana Bushiri ni Mwislamu na ana watu wake wa kumwombea. Akasema maombi hayapimwi kwa kibaba. Mataifa makubwa mawili, na yote hayana hata punje ya mchele.

Ndipo nikakumbuka Iringa!

Pale Ipogolo yuko Yotamu Kihwele, mkuu wa chama cha kuzikana cha Wahehe. Lupa tulichimba shimo moja, mimi nachimba, yeye anaimba. Chama chao ni kikubwa, kina tarumbeta na ngoma, na watu wa hapa wanakiogopa. Iringa ikinitambua, Rujewa ni nini? Kijiji chenye ng'ombe.

Nikamkimbilia Halfani, dereva wa lori la Mbeya na Iringa. Nikampa maneno ayabebe mdomoni: Rais Jailos anaomba kutambuliwa na ndugu zake wa Ipogolo, hadharani, kwa heshima zote. Halfani aliyarudia mara tatu asiyasahau. Mara ya tatu alikuwa anauma mdomo.

Lusia kaniuliza kama nimesahau kwamba Wahehe na sisi Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mikuki mpaka wakachoka, tukabakiwa na utani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Nikamwambia mama, hii ni siasa. Siasa haina utani.

Lusia akaingia jikoni ghafla. Nilimsikia anakohoa. Moshi.

Jumamosi, 9 Februari

USHINDI!

Halfani karudi. Iringa imekubali! Yotamu kasema maneno haya haya: watanitambua kama ambavyo hajawahi kutambuliwa mtu yeyote Mbeya. Wanakuja Jumapili ya wiki ijayo, lori zima, na tarumbeta. Wao wanaomba niandae vitu vitatu tu: mbuzi, mkeka mpya, na shuka nyeupe, ndefu, isiyo na doa.

Nikauliza shuka ya nini. Halfani akasema yeye dereva tu. Lakini mimi nimesoma kidogo, nikaelewa. Ni bendera. Au ni ya kufunika kiti kabla Rais hajakikalia, kama wanavyofanya Wazungu wakizindua daraja. Mkeka ni wa wageni wakubwa. Mbuzi anajieleza.

Nikamweleza Lusia. Moshi tena. Lazima nizibue lile tundu la jikoni.

Jumatatu, 11 Februari

Adui anatetemeka.

Bushiri kanijia mwenyewe, kavua kofia. Anasema kasikia Iringa wanakuja. Kaniomba tuyamalize, niwe makamu wake, na kwenye misiba nitakaa karibu na sufuria. Nilifikiri kidogo. Sufuria ni sufuria. Lakini makamu akifa ni maharage! Nikakataa, mkono kiunoni.

Basi akasema haya, Isakwisa atakitoa kiti Jumapili hadharani, na wageni watakachotamka ndicho hicho, yeye hatabisha. Isakwisa akashuhudia. Nikasema hata mimi sitabisha, Mungu ni shahidi. Tukapeana mikono.

Tena nikamwambia natafuta shuka nyeupe. Angalia ubaya wa kushindwa: kanipa kitambaa bure! Jora zima la bafta kaliteremsha. Kisha kachukua futi yake akanipima kutoka utosini mpaka kisiginoni. Nikadhani ni kwa ajili ya koti la Rais. Kaniuliza kama nataka apinde kingo. Kabla sijajibu, Lusia kasema hapana, hizo hazipindwi.

Mwanamke anajua mambo ya bendera! Nimeoa vizuri.

Jumatano, 13 Februari

Mvua. Viazi vimekubali mwaka huu, majani hadi magotini. Nimeketi kizingitini na mbuzi wangu tukifanya mazoezi ya hotuba. Yeye anasikiliza kuliko wanachama.

Hotuba inaanza hivi: “Enyi wageni wenzangu, na nyinyi mataifa.” Hapo nitanyamaza ili wapige makofi. Katikati kuna kisa cha simba wa Lupa, ambacho si cha kweli sana. Mwisho nitamsamehe Bushiri. Nimemtafutia cheo: Waziri wa Pilau.

Sokoni leo watu wananitazama kwa huruma ya ajabu. Mama Rozalia muuza maharage kanishika mkono, kaniambia nimekuwa jirani mwema. Nimekuwa! Nikadhani kakosea maneno. Yeye Mhehe, Kiswahili kinamtoka kwa mafungu.

Nina amani. Hata kikohozi kimetulia.

Jumapili, 17 Februari

Naandika kwa shida. Si kwa ugonjwa. Kwa shibe.

Saa za mchana lori la Iringa likaingia. Nilikuwa nimesimama mbele ya kiti, koti, kofia, shuka begani, mbuzi pembeni. Tarumbeta zinalia. Soko zima limekuja, hata wale wa bucha wamefunga. Nikainua mkono kusema “Kamwene”, salamu yao.

Hakuna aliyeitikia. Wakashuka kwenye lori wakilia! Vichwani wamejipaka majivu. Yotamu Kihwele mbele, kafunga kitambaa tumboni kama mama mfiwa, anagalagala kwenye matope: Rais wetu kafa! Jailos katuacha! Babu yake aliacha ngao akikimbia mikuki yetu, na yeye kaacha mbuzi!

Nikasema mimi hapa. Yotamu akawaambia wenzake kwamba sauti ya marehemu bado inazunguka, huwa hivyo siku ya kwanza.

Wakanikamata. Wakanilaza kwenye mkeka wangu. Wakanifunika kwa bendera yangu. Urefu ulikuwa sawa kabisa, utosini mpaka kisiginoni. Hapo ndipo nilipoelewa futi ya Bushiri.

Nikajaribu kuinuka, Yotamu akanikalia miguu. Nikafungua mdomo nitukane, Isakwisa akapaza sauti kwamba anayekasirikia watani hafai kuongoza hata kuku. Kila mtu anajua hilo. Na nilikula kiapo kwamba sitabisha. Nikafunga mdomo. Maiti mwenye akili.

Kumbe Mama Rozalia alikuwa mmoja wao! Nilimchungulia kwenye upenyo wa shuka. Kavaa koti langu na kofia yangu nilivyovuliwa, akatembea kwa magoti yangu, akakohoa kikohozi changu, akanunua chumvi akaisahau, akala pilau ya adui sahani mbili na kusema anapeleleza. Watu walikufa kwa kicheko. Na mimi nilicheka, shuka ikatikisika. Yotamu akasema marehemu ana gesi.

Halafu kukatulia. Bushiri kasimama kusema habari za marehemu.

Nilijiandaa. Nilijua atanimaliza. Alianza kwa mzaha, kwamba marehemu alikuwa mwizi wa mistari na mla viporo. Halafu akasema kuna mwaka mtoto wake alifariki masika, kaburi likajaa maji, watu wakasimama pembeni wakingoja yapungue. Marehemu akavua viatu akashuka, maji kiunoni, akachota kwa sufuria mpaka pakakauka. Kisha akapanda juu akauliza kama kuna chai. Akasema kikohozi kile cha marehemu, watu wanadhani ni cha Lupa tu. Nikangoja aendelee. Nikasikia anapenga kamasi.

Mimi nilikuwa nimesahau habari ile. Chai naikumbuka.

Ndipo Lusia akalia. Kilio cha kwao Wasafwa, kirefu, kinachopanda mlima bila kupumzika. Wanawake wote wakampokea. Kila nyumba, naapa, kila nyumba. Tarumbeta zikaanza polepole. Karani wa Boma alikuwepo, nilimjua kwa viatu vyake. Mchungaji akaimba bila kuambiwa kwamba ni mzaha, au aliambiwa. Lori la Rujewa nalo likaingia na mchele, wakauliza nani kafa, wakaambiwa Rais Jailos, wakasema masikini, Rais Jailos. Rais! Rujewa imesema! Mataifa yote, bwana wee, kwenye msiba wangu, na mimi nimelala katikati kama bibi harusi.

Bushiri ndiye aliyechinja mbuzi, kama ilivyo desturi ya chama, ili wote wale. Harufu ya nyama ya kuchoma ikaja mpaka chini ya shuka. Maiti halishwi. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya kufa. Niliteseka. Mara mkono ukapenya chini ya shuka na kipande cha ini, cha moto, chenye chumvi. Sikuona uso. Lakini kidole kilikuwa kimechomwachomwa na sindano.

Mwishoni Yotamu akasimama kwenye kiti akatamka: Iringa inamtambua Jailos kuwa Rais halali wa Chama cha Wageni wa Mwanjelwa, tangu siku ya mvua hadi leo alipofariki. Makofi! Kwa hiyo, akasema, kiti ki wazi. Na msiba uliofunguliwa na watani haukanushwi na mtu. Nani mwingine yupo? Bushiri tu.

Bushiri akakaa.

Wakanifunua. Wakachukua ngozi ya mbuzi na kofia yangu, haki ya watani. Yotamu akanikumbatia, akanong'ona kwamba nilikuwa maiti bora kuliko wote aliowahi kuwazika, na kwamba kule Lupa hakuwahi kuniomba radhi kwa kuimba mimi nikichimba. Nikamwambia ampe mbwa radhi yake. Tukala mpaka lori likapiga honi.

Nalala na tabasamu usoni. Lusia kasema macho yake yalivimba kwa vitunguu. Nilikuwa karibu na sufuria. Hapakuwa na vitunguu.

Alhamisi, 21 Februari

Maisha baada ya kifo ni mazuri. Sokoni wananiita Marehemu. Mama Rozalia kanipa maharage, anasema ni sadaka kwa roho yangu. Bushiri kaniita nikijaribu kile kiti wakati yeye anaswali. Kinauma mgongo! Mzungu yule hakufilisika kwa bahati mbaya, alikuwa anakikimbia.

Kwa hiyo nimeridhika. Sitaki tena urais. Nimeshauona msiba wangu, ulikuwa mkubwa, yatosha.

Isipokuwa kuna jambo dogo la kisheria.

Juzi nilikuwa napalilia viazi, nikawaza. Iringa ilinitambua kuwa Rais. Sawa. Ikasema nimekufa. Sawa. Lakini mimi ninapalilia viazi. Basi nimefufuka! Na Rais aliyefufuka, kiti chake kinakuwa cha nani? Sheria ya chama haisemi. Nimemuuliza Isakwisa, kakuna kichwa. Nimekwenda Misheni, maana kufufuka ni kazi yao. Mchungaji kacheka mpaka kavua miwani, lakini hakukataa. Kutokataa ni nusu ya kutambua.

Inatakiwa dola moja tu itamke. Nikampa Halfani maneno jana asubuhi, leo jioni kaleta majibu. Yotamu hana kinyongo! Anasema Ipogolo wako tayari kabisa kuutambua ufufuko wangu, watakuja lori mbili safari hii. Mimi niandae mbuzi, mkeka na shuka nyeupe. Ile ya kwanza imechafuka kwa ini.

Nimekwenda kwa Bushiri kuomba kitambaa. Kashusha jora kabla sijamaliza kusema. Hakunipima. Kasema vipimo anavyo.

Nikamweleza Lusia kwamba mara hii nimewaweza, maana mtu aliyekwisha kufa hawawezi kumuua tena.

Kakimbilia jikoni. Moshi wa nyumba hii, jamani, sijui tutaufanyaje.